Kiazi cha Fundi

Kila asubuhi nikimimina viazi kwenye beseni ili nivioshe, mkono wangu huweka kimoja kando. Sijautuma. Nishaukemea mara ngapi, wee mkono, hicho nacho cha nani? Hausikii. Nikimaliza kumenya nakikuta pale juu ya ukuta mfupi wa uani, kimekaa peke yake na ganda lake, nami hukichukua nikakimenya haraka haraka, nikakitumbukiza sufuriani na wenzake, nikaendelea na kazi.

Mimi nauza viazi karai hapa mtaani Ziwa la Ng'ombe, Mombasa. Asiyevijua nampa pole. Ni viazi vya kuchemsha, unavikata, unavichovya kwenye rojo la unga lenye rangi ya manjano, unavikaanga mpaka vivimbe, kisha unavimwagia ukwaju na pilipili. Nimekaa kwenye kona hii tangu enzi ambazo huku kulikuwa na minazi mingi kuliko nyumba. Watu wa Nyali, wenye maua ukutani, wako hapo tu hatua chache, na wengine husimamisha gari, wakashusha kioo, wakaagiza, ati ni vya mfanyakazi wao wa nyumbani. Kisha wanakula humo humo garini, mate yawatoka. Mie nawaona, nanyamaza.

Kiazi kinachowekwa kando kilikuwa cha mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani hakuna anayemwita jina lingine ila Fundi. Hata mimi, mkewe, namwita hivyo. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na meza yangu. Alikuwepo pale miezi minane kabla hajanisemesha, na wala mimi sikuwa na haja naye. Mtu wa bara, kimya, akiondoka anasema "nakuja", Kiswahili chake kama mtu anayebeba mzigo wa mtu mwingine. Nilimwona tu akipiga cheche.

Siku moja jioni, jua bado liko juu ya mabati, nikamwona avuka barabara mkono mmoja umeziba macho, mwingine unapapasa hewa. Bodaboda almanusura imgonge. Akafika, akaishika meza yangu kwa ncha za vidole, machozi yanamtiririka.

"Mama, nisaidie kiazi."

"Chenye pilipili ama kikavu?"

"Kibichi."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. "Kibichi! Wataka ukapande?"

"Ni cha macho," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuchekwa.

Ndipo nikajua habari ya moto wa kuchomelea. Ule mwanga wa buluu ukikupiga machoni bila kioo cheusi, wakati ule husikii kitu. Unamaliza kazi yako, unakunywa chai yako, unajiona mzima. Saa chache baadaye ndipo unasikia mtu amekumwagia mchanga ndani ya macho na anausugua. Huwezi kuyafungua, huwezi kuyafumba. Mafundi wote, toka Changamwe mpaka Likoni, dawa yao ni moja: kipande cha kiazi kibichi juu ya kila jicho, ulale chali, na kesho unaamka mzima. Ukweli ni kwamba kesho ungeamka mzima hata bila kiazi, hilo nimekuja kuambiwa baadaye sana. Lakini kile kibaridi kinatuliza.

Basi nikachukua kisu, nikakata vipande viwili vyembamba. Nikampa mkononi, akavishika, hajui pa kuvipeleka. Nikamwambia akae pale kwenye kreti ya soda, ainue uso. Nikamwekea mwenyewe. Alishusha pumzi ndefu, nami nikamtazama kwa nafasi, kwa kuwa hakuwa akiniona. Alikuwa na masizi kwenye nyusi. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, mwenzangu, mengine yote yalikuwa ni taratibu tu.

Alirudi wiki ile ile. Akarudi tena. Nikamuuliza, huna kioo cheusi wewe? Anacho, akasema, lakini kimepasuka, na tena kinamchelewesha. Bi Mkubwa mwenye nyumba tuliyopanga, mtu wa ukoo wa hapa hapa Kisauni, mwenye ulimi, alikuwa akituona kutoka barazani kwake. Siku moja nimemwamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," akaniitikia, "Marahaba mwanangu," kisha hapo hapo, "Huyo mwanamume wako wa viazi vibichi, wallahi, akikolea utampa nini?" Nikaona haya mpaka nikamwaga ukwaju.

Alipokuja kwetu Kaloleni kujitambulisha, alikuwa amechomelea geti la watu asubuhi yake, akafika macho mekundu, yanalengalenga. Mimi nikajua nimekwisha. Lakini wajomba zangu walimpenda papo hapo. Walidhani ni mnywaji mwenzao. Wakamletea mnazi kwenye kata, akanywa kwa adabu, akakohoa, wakampigia makofi. Baba yangu peke yake ndiye aliyeniita pembeni akaniuliza, "Macho yake yana nini?" Nikamwambia, "Ni moto tu, baba. Mimi najua dawa yake."

Nilikuwa najivunia kusema hivyo. Mimi najua dawa yake.

Kwa miaka kumi na sita nilihifadhi kiazi kimoja kila siku, kwa kuwa vingine vyote kufikia saa sita mchana vimeshachemshwa. Watoto wetu walikua wakijua kwamba kile cha ukutani hakiguswi, ni cha baba. Jioni nikifunga meza na yeye akifunga kibanda, kama moto umempata, hulala kwenye kitanda cha kamba pale uani, chini ya kamba ya nguo. Mimi hukaa kwenye kigoda kichwani pake. Navikata, navichovya kwenye maji baridi ya beseni, namwekea. Vikipata joto la uso wake navitoa, nageuza, naweka tena.

Na hapo ndipo alipokuwa akisema. Mume wangu si msemaji. Unaweza kula naye, ukaenda naye kanisani, ukakaa naye siku nzima usipate maneno kumi, na manne kati ya hayo ni "chumvi iko wapi". Lakini mfunike macho! Kila alichonacho moyoni kilitoka wakati ule. Aliniambia jinsi mama yake alivyokuwa akimpima urefu kwa kuchora mstari wa mkaa mlangoni, na jinsi alivyolia nyumba ile ilipobomolewa na mlango ukatiwa kuni. Aliniambia alivyoogopa kuja pwani, alivyodhani bahari inafurika kila usiku na watu wa Mombasa hulala juu ya meza. Aliniambia, mara moja tu, kwamba ananipenda, na mimi nikajifanya nageuza kiazi. Sijapata kuishi wakati mtamu kuliko ule, na sikujua kwamba ni wakati. Nilidhani ni maisha, yapo tu, yatakuwepo kesho.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Ilikuwa baada ya mvua za masika, miaka michache iliyopita. Fundi alikuwa akishusha vyuma, kimoja kikamteleza, kikamkwaruza muundi wa mguu. Kidonda kidogo, sisi hatukukihesabu. Kwa fundi hicho ni kama sisi wapishi kuchomwa na mafuta. Lakini hakikupona. Kikafanya jipu, mguu ukavimba, ukawa wa moto. Nilimkanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikalikamua kwa mikono yangu hii usaha ukatoka, nikashangilia, nikajua limekwisha. Juu palionekana pazuri. Homa ikampanda, akawa anatetemeka mchana kweupe na jua lote hili la Mombasa. Tukasema malaria. Tukamtafutia vidonge dukani. Tena alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, mtungi mzima, na safari za chooni haziishi, na hilo nalo tukasema ni joto. Kila kitu tulikuwa na jina lake.

Hakwenda kazini siku nne. Siku ya nne hiyo, Bi Mkubwa akalalamika bawaba ya geti lake imekatika, mbuzi wa watu wanaingia wanakula mirehani yake. Fundi akainuka na homa yake, akachechemea, akaipiga bawaba ile vijiti viwili vya kuchomelea, bila kioo, akafumba macho kwa kukisia kama wanavyofanya wote. Dakika tano hazikufika. Akarudi akalala.

Jioni ile akaniita. "Mama watoto. Moto umenipata."

Nami nikafurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, sina haja ya kujipamba. Kwa wiki mbili mguu ule ulikuwa umemfanya mkali na mbali, hataki kuguswa, hataki kusemeshwa. Niliposikia "moto umenipata" nilisikia kama mtu amenirudia kutoka safari. Nikakimbilia kile kiazi ukutani.

"Yote mawili?" nikauliza, nikiwa nakata.

"La kulia tu ndilo linalouma."

Hebu nisimame hapa. Moto wa kuchomelea haubagui. Ukipiga, hupiga macho yote mawili, kwa kuwa yote mawili yalikuwa wazi. Kwa miaka yote ile sijamwona hata siku moja ameumwa na moja. Nilijua. Mtu angeniamsha usingizini akaniuliza, ningemjibu. Nilisikia neno lile, la kulia tu, likapita sikioni, nikaliacha lipite. Nikakata vipande viwili kama kawaida, nikaweka viwili. Na yeye akaanza kusema. Alisema jioni ile kuliko siku zote, homa ikimsaidia, habari za mama yake, habari za ng'ombe mwekundu aliyekuwa akimfuata mpaka shule. Nilikaa pale namsikiliza, mkono wangu kwenye paji lake linalowaka, na nilikuwa na raha. Mungu anisamehe, nilikuwa na raha.

Siku ya pili kope zilivimba, jicho likawa jekundu lote, na akasema anaona kama kuna karatasi ya plastiki mbele yake. Nikabadilisha viazi mara nne. Bi Mkubwa akaja mpaka mlangoni na bakora yake, akamtazama, akasema, "Huyu mpeleke hospitali."

Nami nikampandishia. "Bi Mkubwa, macho ya mume wangu nayajua mimi."

"Haya mwanangu," akasema. "Unajua wewe." Akajikokota akaenda zake. Mtu mzima yule, mwenye umri wa mama yangu, nilimjibu vile. Baadaye nilikwenda kumwangukia, akasema hakumbuki. Anakumbuka sana.

Asubuhi ya tatu, yapata saa nne, jua limejaa uani, nikakaa kwenye kigoda changu nibadilishe tena. Nikatoa kipande cha jicho la kulia. Nikazipanua kope kwa kidole gumba nione kama wekundu umepungua. Upande wa chini wa ule weusi wa jicho nikaona weupe. Umetuama, juu yake umekata sawasawa.

Sikushtuka. Mimi nimemenya viazi maisha yangu yote. Kila jioni nikimwaga maji ya beseni, chini huwa pamebaki unga mweupe, mzito, umetulia, ndio ule wanga wa kiazi. Nikasema, aa, ni wanga umemwingia. Nikachukua ncha ya leso yangu, nikailowesha, nikafuta taratibu.

Haukutoka. Nikalowesha tena, nikafuta tena, nikakaza kidogo. Weupe uko pale pale. Haukuwa juu ya jicho. Ulikuwa ndani, nyuma ya kioo cha jicho lenyewe, na mimi nilikuwa nasugua kioo kwa nje.

Nikalifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja. "Waniona?"

Akasema, "Kuna mwanga. Wewe sikuoni."

Nilipiga ukelele. Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kufika, bila bakora, sijui aliwezaje. Yeye ndiye aliyesimamisha tuktuk, yeye ndiye aliyemfokea dereva mpaka tulipovuka daraja la Nyali tukaingia kisiwani. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa cha mume wangu kifuani, na nilipofika hospitali ndipo nilipoona kwamba mkono wa pili bado nimefumbata kipande cha kiazi.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alituamkia kwanza, shikamoo mama, shikamoo baba, ndipo akaangalia. Akauliza, mlitia nini kwenye jicho? Nikasema, maji safi tu.

"Kiazi," akasema Fundi.

Hakutufokea. Ningependa angetufokea. Aliuliza kama ana homa, tukasema ndiyo. Akauliza, "Ana kidonda chochote? Mahali popote pa mwili?" Nikamwambia, daktari, ni jicho, tumekuja kwa jicho. Akainama mwenyewe, akaikunja suruali ya Fundi, akaufungua ule mguu. Kisha akatueleza polepole, kwa maneno tunayoyajua. Vijidudu vilivyokuwa kwenye lile jipu havikubaki mguuni. Viliingia kwenye damu. Damu ikavitembeza mwili mzima, vikafika kwenye jicho, vikaingia ndani yake, na ule weupe niliouona ni usaha.

"Toka mguuni mpaka jichoni?" nikauliza. Nilidhani ananitania.

"Damu ni moja, mama."

Mimi nilikuwa nikiufikiria mwili kama nyumba ya kupanga, kila chumba na mlango wake na mpangaji wake, ugomvi wa huku hauwahusu wa kule. Nikatazama ule muundi nilioukamua kwa mikono yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hiki kilikuwa chini ya nguo kabisa.

Walimpima damu wakamkuta ana ugonjwa wa sukari, wala hatukujua ulianza lini. Ndio maji yale, ndizo safari zile za chooni, na ndio maana kidonda kiligoma kupona. Wakamlaza. Walimtia dawa kwenye mshipa usiku na mchana, na nyingine walimchoma ndani ya jicho lenyewe, na hilo nililishuhudia kupitia mlango ulioachwa wazi, na sitaki kulisema zaidi. Baada ya siku kadhaa yule binti akaniita. Akasema wamejitahidi. Jicho la kulia halitaona tena na limeoza ndani, lazima watoe kilichomo kabla halijamletea balaa kubwa zaidi. La kushoto liko salama. Yeye mwenyewe atapona, na akasema wapo ambao vijidudu hivi huwakimbilia moyoni au kwenye ubongo, na hao hawarudi nyumbani.

Nikamuuliza lile swali. Nilijua nisiulize, nikauliza. "Kama ningemleta ile jioni ya kwanza?"

Akatazama mikono yake. "Pengine, mama. Ugonjwa huu hukimbia sana, hata wanaowahi wengine hupoteza. Sijui. Kiazi hakikumdhuru. Zile siku ndizo zilizomdhuru."

Hiyo "pengine" ndiyo ninayoishi nayo mimi. Naamka nayo, nachovya viazi nayo kwenye rojo.

Aliporudi nyumbani, Bi Mkubwa alikuja kumpa pole. Akakaa kitako, akasema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Nikamwambia kwa adabu kwamba methali hiyo huwa tamu kwa mwenye macho mawili. Akacheka mpaka akakohoa. Fundi naye akacheka, mara yake ya kwanza tangu atoke hospitali.

Akaanza kazi upya polepole. Mwanzoni alikuwa akipiga nyundo hewani, au anajipiga kidole, kwa kuwa jicho moja halijui umbali. Akazoea. Mimi nilimtafutia kofia ya kuchomelea nzima, ile inayofunika uso wote, na nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba siku nitakayomwona bila hiyo, mafuta yangu haya ya karai yatahamia kichwani kwake. Anaivaa. Hata kubandika kitu cha sekunde moja, anaivaa. Vidonge vyake vya sukari anameza, miguu yake naikagua kila Jumapili kama mama anayetafuta chawa. Moto haujampata tena hata siku moja.

Ndipo nikaona kwamba nimepoteza kitu kingine. Hakuna moto, basi hakuna kiazi. Hakuna kiazi, hakuna kitanda cha kamba, hakuna maneno. Jioni anakaa pale na miwani yake myeusi, nami pale, chumvi iko wapi, hii hapa. Nilijiambia amenichukia. Ni haki yake, nikasema. Aliniamini kwa dawa, nami nikamkalisha siku tatu kwa kuwa nilitaka hadithi. Nilianza kuvichemsha viazi vyote, hata kile kimoja.

Mwezi uliopita, saa kumi na moja hivi, karai linachemka na watu watatu wanangoja, akavuka barabara. Bado mapema, kibanda chake ki wazi. Akakaa kwenye kreti ya soda, akaivua miwani.

"Leo hujaniwekea kiazi?"

Nikakiweka kisu mezani. "Moto umekupata?"

"La."

"Basi kiazi cha nini? Mbona wataka kuniua mimi?"

Akatazama chini. Mume wangu, ambaye hasemi. "Nataka nikuambie kitu na nikikuona siwezi. Zile siku zote za moto," akasema, "nusu yake hakukuwa na moto."

"Nusu!"

"Zaidi ya nusu. Nilikuwa nakuja tu."

Wateja wangu wakawa wanatazama mabati. Nilitaka kumpiga na mwiko. Miaka kumi na sita nahifadhi kiazi, nakata, nachovya, nageuza, na mtu yuko chini ya vile vipande mzima kama kigingi! "Na siku ile?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa imebadilika. "Ile ya mguu?"

Akaigeuzageuza miwani mikononi.

"Siku ile nilijua si moto," akasema. "Ni moja lililouma. Mimi ni fundi, nitakosaje kujua? Lakini niliogopa. Nikaona nikiuita moto, wewe utaleta kiazi, na litakuwa jambo la kiazi tu."

Karai likawa linachemka. Kwa muda wote ule nilikuwa nimebeba zile siku tatu peke yangu, kumbe na yeye amebeba zake, tumelala kitanda kimoja kila mtu na mzigo wake ameugeuzia ukutani.

"Nami nilijua," nikamwambia. "Uliposema la kulia tu. Nilijua na nikakata viwili."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa amelijua.

Kiazi sikukata. Sitakiweka tena kiazi juu ya jicho lile moja nililoachiwa, hata anililie. Niliitia mikono yangu kwenye beseni, nikaiacha mpaka ikawa baridi, nikaikung'uta, nikaenda nikasimama nyuma yake, nikamfunika. Kiganja kimoja kwenye jicho lililopo, kingine juu ya kope zilizolala bapa, zisizo na kitu chini yake. Sikuwa nimewahi kupagusa pale tangu hospitali. Ni pa joto kama upande wa pili.

"Haya," nikamwambia. "Sema."

Akashusha pumzi ile ile. Akaanza kusema, na viazi vya watu vikaungua.